Maganda Mekundu Kwenye Beseni la Karpi

Samaki aliyeniumbua alikuwa hai, ametulia zake majini, na mdomo wake hakuutumia.

Aliniumbua kwa upande wa pili.

Cheka tu. Hata mimi ningecheka, kama yasingenikuta mbele ya baba yangu, baba mkwe wangu na nusu ya chama cha wavuvi wa kijiji chetu.

Naitwa Momir. Natengeneza matrekta katika kijiji kimoja huku tambarare za kaskazini mwa Serbia. Pale ziwani jina hilo hawalijui, wananiita Buti.

Ni kwa sababu mwaka wangu wa kwanza chamani nilivuta kitu kizito kwa dakika kumi nzima, watu wakaacha fimbo zao za kuvulia wakaja kunishangilia, na kikatoka kiatu. Cha mguu wa kushoto. Huu ni mwaka wa tisa na jina halijafutika.

Mtu mmoja tu ndiye ambaye hakuwahi kuniita hivyo. Mzee Sveta.

Kumbuka hilo, nitalirudia.

Ziwa lenyewe si la kujivunia. Zamani kiwanda cha matofali kilichimba udongo pale, kiwanda kikafa, shimo likajaa maji. Ukianza kulizunguka kwa miguu na sigara mdomoni, unamaliza kabla sigara haijaisha. Lakini lina karpi, samaki wanene wenye magamba ya shaba, na kila mwanachama ana gati lake dogo la mbao.

Ubaoni pale getini kuna sheria kumi na sita, hakuna anayezisoma. Iliyo muhimu haijaandikwa popote.

Usitupe ndoana mahali ambapo mwenzako amelisha.

Ni hivi. Baridi ikiingia, karpi hulala chini kwenye tope na kula hataki. Ukimtaka Desemba, lazima uanze kumlisha Septemba, mahindi ya kuchemsha, mahali palepale, siku zilezile, mpaka azoee. Ni kazi ya miezi mitatu. Ukienda kuvua kwenye jasho hilo la mwenzako, hapa kijijini heri ungeiba ng'ombe.

Mzee Sveta aliwahi kumfukuza mume wa dada yake kwenye gati lake kwa kasia. Mtu na shemeji yake!

Sasa kilichonipeleka mimi huko ni domo langu.

Kila ukoo kwetu una mtakatifu wake, na siku yake tunaiita slava. Ya kwetu ni ya Mtakatifu Nikola, tarehe kumi na tisa Desemba. Inaangukia kwenye mfungo wa kabla ya Krismasi, kwa hiyo nyama hakuna, na samaki ndiye mfalme wa meza. Mwaka huo baba alisema amechoka, akanikabidhi slava. Mshumaa, mkate na wageni, vyote vikawa vyangu.

Watu wengi siku hizi hununua karpi wa bwawa la kufugia. Wala si aibu.

Mimi nikasimama chamani mwezi wa tisa, glasi ya tatu ya rakija, pombe yetu kali ya matunda, mkononi, nikatangaza: "Kwenye meza yangu hapapandi samaki wa kununua! Wageni wangu watakula karpi niliyemvua kwa mkono wangu!"

Gojko, mwenyekiti wetu, mtu wa tumbo kubwa na maneno makubwa zaidi, akauliza, "Buti, na supu je? Ya ngozi au ya soli?"

Watu walicheka hadi wakafuta machozi. Nikaapa.

Oktoba ikapita, Novemba ikapita. Nilikuwa nalisha leo, kesho sijaenda, keshokutwa nimesahau. Sikupata hata dagaa.

Gati la mzee Sveta lilikuwa jirani na langu. Miaka sabini na sita, mjane, mkewe Desanka alifariki miaka mitatu nyuma. Kila Jumatano na Jumapili mzee anakuja na ndoo yake ya mahindi, anamwaga, anakaa kidogo, anaondoka. Mahindi yake yalijulikana ziwa zima, kwa sababu aliyachemsha na bitiruti. Mekundu kabisa. Desanka ndiye aliyeanzisha, akisema samaki naye anapenda kuvutiwa. Hakuna mwingine aliyefanya hivyo.

Ajabu ni kwamba mzee hakuja na fimbo. Msimu mzima, hata siku moja.

Kitu kingine nilikiona mimi peke yangu, kwa kuwa nilikuwa karibu. Alikuwa anamwaga kwa mkono wa kushoto, wa kulia uko mfukoni muda wote. Siku moja aliutoa awashe sigara. Ulitetemeka vibaya, kiberiti kikamwanguka mara tatu. Akatazama huku na huku kama kuna aliyemwona. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Kwenye gati lake mwaka huo kulikuwa na vigoda viwili. Kimoja cha zamani, kimoja kipya. Sikujiuliza kwa nini.

Katikati ya Novemba alikuja nyumbani. Nilimwona dirishani akifungua geti.

"Zorka," nikamwambia mke wangu, "mwambie sipo."

"Upo."

"Pampu yake ya maji itakuwa imeharibika tena. Atataka nimtengenezee bure. Mwambie sipo!"

Zorka alinitazama kama anavyotazama maziwa yaliyochacha. Akatoka, akadanganya kwa niaba yangu. Mzee akasema haina haraka.

Jumapili, siku tatu kabla ya slava, bado sina samaki.

Asubuhi hiyo mzee Sveta alikuwa kanisani. Mzee yule hakosi ibada, na ibada ya padri wetu haiishi upesi. Ziwani ukungu, barafu nyembamba pembeni, hakuna mtu.

Nilisimama kwenye gati langu nikitazama la kwake. Nikajiambia naenda kuangalia tu.

Nikajiambia nitakaa kidogo tu. Nikakalia kile kigoda kipya. Kilikuwa kinachechemea, mguu mmoja mfupi, nikamlaani fundi aliyekitengeneza.

Chini yake kulikuwa na kopo la mahindi mekundu. Nikasema punje moja si wizi.

Ndoana haikukaa majini hata robo saa. Fimbo ikapinda. Kilo tisa! Karpi wa miaka, mgongo mweusi, tumbo la dhahabu. Nilimkumbatia nikalia, Mungu ananiona. Kisha nikamtia kwenye gunia lenye maji nikakimbia kabla kengele za kanisa hazijalia.

Sasa sikia akili za mwizi.

Nilijua karpi huyo ana mahindi mekundu tumboni. Na kila mvuvi hapa anajua karpi lazima umweke siku kadhaa kwenye maji safi atoe tope, la sivyo nyama inanuka udongo. Nikasema vizuri sana, namtia kwenye pipa uani, hayo mahindi atayatoa huko, namwaga maji, ushahidi umekwisha. Kufika Jumanne atakuwa mweupe kama mtoto wa ubatizo.

Jumatatu nikachungulia pipani, maji safi kabisa. Jumanne asubuhi, safi kabisa. Nikajipongeza, nikidhani amemaliza usiku.

Hiyo Jumatatu mzee Sveta alikuja tena. Nilikuwa chini ya trekta. Nilimsikia akiuliza, "Momir yupo?" Nikabana pumzi. Nilijua amegundua. Zorka, kwa uso mkavu, akasema nimekwenda mjini. Miguu yangu ilikuwa inaonekana.

Mzee akasimama kidogo, akasema, "Basi," akaondoka.

Jumanne jioni ni mkesha wa slava. Watu huja kusaidia kupika, na kwenye mkesha ule walikuja wengi kuliko kawaida, maana habari ilishaenea kwamba Buti amepata karpi wa kilo tisa Desemba.

Nilitaka wamwone. Domo tena, hilo!

Nikamtoa kwenye pipa la baridi, nikamtia kwenye beseni kubwa la bati, nikaliweka katikati ya jiko la uani, karibu na moto. Watu wakazunguka. Baba mkwe, ambaye kwa miaka kumi na minne hajawahi kunisifu, akanipiga bega. "Kumbe unaweza," akasema. Baba yangu alikuwa amenyoosha mgongo. Nilijisikia mwanaume.

Mzee Sveta aliingia wakati huo, chupa ya rakija kwapani, mkono wa kulia mfukoni. Akasimama mlangoni.

"Umempata wapi?" Gojko akauliza, akipiga magoti pembeni ya beseni.

"Kwangu. Gatini kwangu. Nilimlisha tangu Septemba."

Samaki wa maji baridi, matumbo yake nayo hulala. Hilo nimelijua baadaye, na ningelijua mapema kama ningekuwa mvuvi na si mropokaji. Mahindi yalikaa mlemle siku mbili na nusu, hayajasogea. Nilipomtia kwenye joto, tumbo likaamka.

Kwanza kikaelea kitu kimoja. Ganda la hindi, jekundu.

Kisha mawili. Kisha utepe mzima.

Gojko akatia kidole majini, akachukua ganda, akalishika kwenye taa. Mtu mmoja alikuwa anakoroga sufuria, akaacha kukoroga.

"Buti," Gojko akasema polepole, "wewe siku hizi unachemsha na bitiruti?"

Nikamtazama baba. Alikuwa anatazama sakafu, na mgongo wake ulishainama.

"Gojko, inuka, utapata baridi ya magoti," sauti ikatoka mlangoni. "Mahindi ni yangu. Mimi ndiye niliyemwambia Momir akavue kwangu."

Watu wakageuka.

"Wewe?" Gojko akasema. "Wewe uliyemtoa shemeji yako pale kwa kasia?"

"Nimezeeka. Kasia limekuwa zito."

Kicheko kikalipuka. Rakija ikamiminwa kwenye glasi. Baba akashusha pumzi niliyoisikia kutoka upande wa pili wa jiko.

Nilikuwa nimeokolewa. Kilichobaki kilikuwa kunyamaza tu, basi. Mtoto wa miaka minne angeweza.

Lakini Gojko bado alikuwa ananikodolea macho. "Na wewe ulisema gatini kwako."

Nikacheka kile kicheko cha watu wanaodanganya. "Nilikuwa namfichia aibu mzee, jamani! Alinibembeleza wiki nzima. Mwenyewe hawezi tena kuvua, hamjauona mkono wake? Hata kiberiti kinamshinda."

Watu wote wakautazama ule mfuko wa koti.

Mzee Sveta aliiweka chupa mezani, kwa kushoto. Akatutakia slava njema, akafunga mlango taratibu nyuma yake.

Usiku ule sikulala, na wala sitakuelezea.

Kesho yake wageni walianza kufika saa tano. Kwetu kwenye slava mtu haalikwi, anayejua siku anakuja. Na mwenye nyumba haketi, anasimama tangu mshumaa uwashwe, anamimina, anapakua, anakaribisha. Nilisimama. Kila aliyemsifu yule karpi alinichoma.

Mchana baba akanivuta pembeni. "Sveta naye leo ni slava yake. Mtakatifu mmoja, nyumba mbili. Kila mwaka nilikuwa napita kwake kunywa glasi moja. Mwenye slava sasa ni wewe."

"Baba, wageni wamejaa..."

"Nitasimama mimi. Nenda."

Alijua. Sijawahi kumuuliza, lakini alijua.

Nikafunga nusu ya samaki kwenye sahani kwa kitambaa, nikavuka barabara. Nilikuwa naomba asinifungulie. Lakini siku ya slava mlango haufungwi hata kwa adui, na mzee Sveta ni mtu wa desturi.

"Karibu, Momir. Keti."

Mshumaa unawaka. Mkate upo. Picha ya mtakatifu ukutani imefutwa vumbi. Meza ya watu wanane imetandikwa kwa kitambaa cha Desanka, na hakuna mtu hata mmoja. Katikati kuna maharage ya kuoka, kachumbari ya kabichi, na dagaa wa kopo waliopangwa vizuri kwenye sahani ya samaki. Ile sahani ndefu, ya samaki mkubwa.

Nikaketi. Yeye akabaki amesimama.

Akanipakulia. Mkono wa kulia ulikuwa nje sasa, ukitetemeka wazi, na kijiko kikawa kinagonga sahani, tik tik tik. Dagaa mmoja akaanguka kwenye kitambaa. Akamwokota, akanipa mwingine.

"Mzee, keti wewe, nitajipakulia."

"Leo siketi. Wewe ni mgeni."

Nikala. Sijawahi kula kitu kigumu kumeza kama wale dagaa laini.

"Mzee Sveta," nikasema mwisho, "nilikuibia."

"Najua. Jumapili mchana nilipita gatini, nikakuta kigoda kimesogezwa."

"Nisamehe."

Akanimiminia rakija, nyingine ikamwagikia mezani.

"Unajua nilikuja kwako Novemba?"

"Nilidhani ni pampu," nikasema. Aibu ya sentensi ile bado ninayo.

"Pampu ni nzima. Nilikuja kukwambia hivi: mimi nimelisha, lakini mkono umekufa tangu kiharusi cha masika, ndoana siwezi kuifunga. Wewe una mkono, lakini kulisha hujui. Nikasema tukae wawili pale gatini. Samaki wa kwanza wa meza yako, maana ndiyo slava yako ya kwanza. Wa pili wa meza yangu. Jumatatu nikaja tena. Nilishajua umevua, nikasema potelea mbali, wa pili bado yumo majini. Ile ilikuwa miguu yako chini ya trekta?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Unadhani kile kigoda kipya kilikuwa cha nani? Nilikitengeneza kwa mkono wa kushoto. Ndiyo maana kinachechemea."

Niliweka uma chini. Kumbe fundi niliyemlaani ni huyu hapa.

"Nilipojua umekikalia nilifurahi kidogo," akasema. "Angalau kilikubeba."

Nikaanza kulia, mtu mzima wa miaka arobaini na moja. Akaniacha nilie.

"Samaki nimekusamehe, Momir. Samaki ni samaki. Lakini mkono huu nilikuwa nauficha tangu Aprili. Hata daktari nilimwendea mji wa mbali ili watu wasijue. Mimi nilikufunika mbele za watu, na wewe, palepale, ukanivua nguo."

Nikainuka, nikachukua koti.

Nilirudi nyumbani. Baba alikuwa amesimama akimimina, watu wanaimba. Nikagonga glasi kwa kisu. Wakadhani natoa neno la shukrani.

Nikasema yote. Kanisa, kigoda, kopo, trekta. Nikasema hakuna aliyenibembeleza. Nikasema mzee alinidanganyia ili nisiaibike, na mimi nikamlipa kwa kumwaibisha.

Baba mkwe alisukuma sahani yake mbele, samaki ameliwa nusu. Gojko, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakupata la kusema. Kisha akainuka, akachukua koti. "Kuna slava nyingine mtaa huu," akasema. Mmoja baada ya mwingine wakamfuata. Dirishani nikawaona wakivuka barabara, watu kumi na moja, wakaingia kwa mzee Sveta.

Zorka akatoa sufuria la supu jikoni akawafuata nalo. Hakuniangalia.

Nikabaki na baba na mshumaa. "Usiketi," baba akaniambia nilipotaka kuketi. "Bado ni slava yako."

Chama kilinisimamisha kuvua mpaka masika. Haki yao.

Machi barafu ilipoyeyuka, nilichemsha mahindi na bitiruti, Jumatano na Jumapili, nikamwaga mbele ya gati la mzee. Fimbo sikubeba. Wiki ya sita alikuja. Sikumsikia mpaka mbao zikalia.

Akavitazama vile vigoda viwili. Nilikuwa nimekalia cha zamani, kile kipya sikuwa na haki nacho.

"Hicho ni changu," akasema.

Nikainuka haraka. Akakaa. Akanionyesha kile kinachochechemea, nikakaa, kikayumba. Alikuwa amekuja na fimbo. Akautoa mkono wa kulia mfukoni, akauweka gotini, ukatetemeka pale mchana kweupe, watu wa magati mengine wanaona.

Ndugu msomaji, wizi una dawa. Unarudisha, unalipa, unaomba radhi, mambo yanaisha. Lakini mtu akikusitiri, kisha wewe ukamfunua ili ujisitiri zaidi, hicho hakirudi. Nawaona watu wanavyoutazama ule mkono, na kila wakiutazama, najua ni mimi.

Mzee akanisogezea fimbo na ndoana.

"Funga," akasema. "Mimi siwezi, kama ulivyowatangazia." Halafu, akitazama maji, akaongeza, "Na kaza vizuri, Buti."